BANDA LA FUNDI LISIWE TANURU

Mafundi wengi hufanya kazi zao nyumbani. Seremala ana banda nyuma ya nyumba. Fundi cherehani ana chumba cha mbele. Fundi pikipiki ana gereji kando ya njia. Mwingine ana chumba cha kuchomelea milango na madirisha ya chuma. Pita Tangini, Kibaha, utawaona. Nenda Kisarawe, utawaona pia.

Banda hilo ndilo linalolisha watu wa nyumbani. Fundi hukaa humo tangu asubuhi mpaka jioni. Huvuta hewa ya humo kwa saa nane au kumi kila siku. Hewa ikiwa nzuri, fundi atafanya kazi miaka mingi. Hewa ikiwa mbaya, fundi ataugua, na watoto watalala njaa.

Leo tuzungumze juu ya joto la banda. Tutajifunza mambo matatu. Kwanza, joto kali hufanya nini mwilini. Pili, jinsi ya kupoza banda, na kifaa gani cha kununua kama una fedha kidogo. Tatu, hatari ya mkaa na ya injini katika chumba kilichofungwa. Hatari hiyo ya tatu huua watu bila kelele. Isome kwa makini, kisha waeleze wenzako.

JOTO LA PWANI

Mkoa wa Pwani una joto. Miezi ya joto kali ni kuanzia Desemba mpaka Machi. Wakati huo joto la mchana kivulini hufika digrii 32, na siku nyingine hupita hapo. Tena hewa ya kwetu ina unyevu mwingi, kwa sababu bahari iko karibu.

Kwa nini tunataja unyevu? Kwa sababu mwili hujipoza kwa jasho. Jasho likikauka juu ya ngozi, huondoka na joto. Ndiyo maana ukitoka kuoga na upepo ukakupiga, unasikia baridi. Lakini hewa ikiwa na unyevu mwingi, jasho halikauki upesi. Linatiririka tu. Shati linalowa, lakini mwili haupoi.

Sasa ongeza bati. Bati hupata moto upesi juani. Saa 7 mchana huwezi kuliwekea mkono. Bati hilo linamimina joto juu ya kichwa cha fundi aliye chini yake. Banda la bati lisilo na dari wala matundu ya hewa huwa na joto kuliko nje. Hapo ndipo banda linapogeuka tanuru.

Jirani zetu wa Kenya huwaita mafundi wa namna hii "jua kali". Jina hilo lilitokana na kazi yenyewe. Mafundi walikuwa wakifua mabati na vyuma juani, bila banda lolote. Katika miaka ya 1980 serikali ya Kenya ilianza kuwajengea mabanda ili wapate kivuli. Jina hilo linatufundisha jambo. Jua ni adui wa kwanza wa fundi. Lakini banda lililojengwa vibaya ni adui wa pili.

JOTO HUFANYA NINI MWILINI?

Mwili wa mtu mwenye afya una joto la kama digrii 37. Mwili hujitahidi kubaki hapo. Kazi ngumu na joto la banda huusumbua. Ugonjwa wa joto huja kwa njia tatu.

Njia ya kwanza ni misuli kukaza. Miguu, mikono au tumbo hukaza na kuuma. Mtu ametoka jasho jingi, na maji na chumvi vimepungua mwilini.

Njia ya pili ni kuishiwa nguvu. Kichwa kinauma. Kuna kizunguzungu na kichefuchefu. Jasho ni jingi. Mkojo ni kidogo na rangi yake imekolea. Huu ni wakati wa kuacha kazi, usingoje zaidi.

Njia ya tatu ni ya hatari kubwa. Joto la mwili hufika digrii 40 au kupita. Mtu anachanganyikiwa. Anasema maneno yasiyoeleweka. Anaweza kuanguka, kupata degedege au kuzimia. Mtu huyu anaweza kufa, au kubaki na madhara katika ubongo, asipopozwa haraka. Usidhani amelewa. Usidhani amepagawa. Amepigwa na joto.

Njia hizi hazifuatani kila mara. Mtu anaweza kuanguka ghafla bila dalili nyingi za mwanzo.

Kuna jambo jingine. Fundi aliyechoka kwa joto hufanya makosa. Msumeno unamponyoka. Nyundo inapiga kidole. Ajali nyingine za kazini mzizi wake ni joto.

MSAADA WA KWANZA

Ukimwona mwenzako ameishiwa nguvu kwa joto, fanya hivi:

1. Mtoe ndani ya banda. Mpeleke kivulini penye upepo.

2. Mvue shati na viatu. Mlaze.

3. Mwagie maji mwilini, au mfunike kwa nguo iliyolowa. Weka nguo iliyolowa shingoni, kwapani na kwenye mapaja. Mpepee.

4. Kama ana fahamu na hatapiki, mpe maji safi ya kunywa kidogo kidogo.

5. Kama amechanganyikiwa au amezimia, usimnyweshe kitu. Maji yanaweza kuingia katika mapafu. Mlaze kwa ubavu. Endelea kumpoza huku mkitafuta usafiri. Mpelekeni hospitali upesi. Kibaha ipo Hospitali ya Tumbi. Kisarawe ipo hospitali ya wilaya.

Kwa mtu ambaye misuli imekaza tu, maji ya chumvi na sukari humsaidia. Chukua lita 1 ya maji safi. Tia vijiko vidogo 6 vya sukari, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Vijiko visiwe na mlima, visawazishe kwa kidole safi. Koroga vizuri. Usizidishe chumvi. Mwenye ugonjwa wa shinikizo la damu au kisukari amwulize mganga kwanza.

KUNYWA MAJI KABLA YA KIU

Kinga ni bora kuliko tiba. Weka mtungi au ndoo ya maji safi yenye mfuniko ndani ya banda lako. Wakati wa joto kali, kunywa kikombe kimoja kila baada ya dakika 15 au 20. Usingoje kiu. Lakini usinywe kupita lita moja na nusu kwa saa moja. Maji mengi mno kwa mara moja nayo hudhuru.

Pombe haipozi mwili. Humfanya mtu apoteze maji zaidi, na mikono yake haina uhakika tena. Mashine na pombe havikai pamoja.

Panga saa zako. Kazi nzito ifanye alfajiri na asubuhi. Kupiga randa mbao ngumu, kuchimba, kubeba na kuchomelea, maliza kabla ya saa 5. Kuanzia saa 6 mchana mpaka saa 10 jioni fanya kazi nyepesi. Piga msasa, pima, noa vifaa, andika hesabu. Hata hivyo pumzika kivulini. Mwanafunzi mpya wa ufundi mpe kazi kidogo kidogo. Mwili wake unahitaji wiki moja au mbili kulizoea joto.

POZA BANDA KABLA YA KUNUNUA MASHINE

Watu wengi wakisikia joto, wanafikiri mara moja juu ya feni au kiyoyozi. Ngoja kwanza. Mashine ya kupoza ndani ya banda bovu ni sawa na kuteka maji kwa pakacha. Anza na banda lenyewe.

Jambo la kwanza ni kivuli. Wazee wetu walichonga mitumbwi, milango na vinu chini ya mwembe. Hawakuwa wajinga. Chini ya mti kuna kivuli na upepo pamoja. Panda mti upande wa magharibi wa banda, kwa sababu jua la alasiri ndilo kali zaidi kwa ukuta. Mwembe, mkungu au mwarobaini hufaa. Usiupande karibu mno na ukuta, mizizi itaharibu msingi. Wakati mti ukikua, tengeneza upenu wa makuti au wa fito zenye mmea wa kutambaa.

Jambo la pili ni upepo. Hapa kwetu tuna pepo mbili kubwa. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki, kama kuanzia Desemba mpaka Machi. Kusi huvuma kutoka kusini-mashariki, kama kuanzia Mei mpaka Septemba. Kwa hiyo jenga banda refu kutoka mashariki kwenda magharibi. Madirisha makubwa yawe upande wa kaskazini na upande wa kusini. Upepo uingie huku, utokee kule. Dirisha moja halitoshi. Hewa isiyo na mahali pa kutokea haiingii.

Hewa ya moto hupanda juu. Basi acha nafasi kati ya ukuta na paa, ili hewa hiyo itoke. Hata upana wa mkono mmoja husaidia. Weka wavu wa chuma ili ndege, popo na wezi wasipite. Wavu wenye matundu madogo utazuia mbu.

Jambo la tatu ni paa. Makuti ni baridi kuliko bati, kwa sababu jua halipenyi upesi. Wako watu wanaolaza makuti juu ya bati. Bati huzuia mvua na makuti huzuia jua. Lakini makuti hushika moto upesi. Fundi wa kuchomelea asitumie makuti hata kidogo. Wala mwenye jiko, tanuru au pasi ya mkaa.

Kama huna makuti, paka bati rangi nyeupe. Rangi nyeupe hurudisha mwanga wa jua. Rangi nyeusi na kutu humeza joto. Kama mnakinga maji ya kunywa kutoka katika paa hilo, uliza dukani rangi isiyo na madini ya risasi. Kuta unaweza kuzipaka chokaa.

Ndani weka dari. Dari ya mikeka, ya mbao nyembamba au ya magunia yaliyonyooshwa huzuia joto la bati lisikufikie. Acha matundu ya hewa juu ya dari. Hapa tena mchomeleaji asitumie mikeka wala magunia. Usitumie vipande vya paa kuukuu la asbesto kuwa dari. Vumbi la asbesto huleta saratani ya mapafu.

Ukiyafanya haya, banda litabadilika. Ingia saa 8 mchana, simama katikati, utaona mwenyewe.

FENI AU KIYOYOZI?

Sasa umemaliza kurekebisha banda. Nyumba yako ina umeme. Una akiba kidogo. Je, ununue nini? Tufanye hesabu.

Kila kifaa cha umeme kina kibandiko. Kibandiko kinaonyesha wati. Uniti moja ya LUKU ni wati 1,000 kwa saa moja.

Feni ya darini hula kama wati 75. Ukiiwasha saa 8, ni 75 mara 8. Jibu ni 600. Hiyo ni kama nusu uniti na zaidi kidogo.

Kiyoyozi kidogo cha chumba hula kama wati 1,000 kinapofanya kazi kwa nguvu. Kwa saa 8 ni 1,000 mara 8. Jibu ni 8,000. Hizo ni uniti 8.

Gawa 8,000 kwa 600. Utaona kwamba umeme wa kiyoyozi kimoja unaweza kuendesha feni 13. Fundi wa kijijini, fikiri mara mbili.

Tena kiyoyozi kinataka chumba kilichofungwa. Ukiacha mlango wazi, baridi yote inatoka, na fedha zako zinatoka nayo. Banda la fundi ni mahali pa kuingia na kutoka, penye vumbi na moshi. Ukifunga chumba hicho, vumbi na moshi vinabaki ndani. Kiyoyozi cha kawaida huzungusha hewa ile ile. Hakiondoi sumu. Utakaa kwenye baridi huku ukivuta moshi wako mwenyewe.

Kiyoyozi kinafaa wapi? Kinafaa chumba kisafi chenye kazi ya utulivu, kama kutengeneza redio na simu, au duka la dawa. Hakifai karakana ya mbao wala gereji.

Kuna kifaa cha tatu. Ni feni yenye tangi la maji. Hewa hupita katika maji, ikatoka imepoa. Kifaa hiki hufanya kazi vizuri mahali pakavu, kama Dodoma au Singida. Hapa Pwani hewa imeshajaa unyevu. Kifaa hicho kitaongeza unyevu tu, na jasho lako halitakauka. Muuzaji hatakwambia hivyo. Basi jua mwenyewe.

Kwa hiyo kwa karakana nyingi za Pwani, feni ndiyo inayofaa. Lakini feni nayo ina mpaka wake. Feni haipozi hewa. Inasukuma hewa tu, na kusaidia jasho likauke. Kama hewa ya banda imepita digrii 40, feni inakupuliza kwa joto na kuzidisha madhara. Ndiyo maana tumesema uanze na paa na madirisha.

KILA KAZI NA HEWA YAKE

Seremala: Usiweke feni mahali itakaporusha unga wa mbao usoni kwako. Unga wa mbao huharibu mapafu. Feni iwe nyuma yako au ubavuni, ipulize kuelekea mlangoni. Msumeno wa mashine uweke barazani. Vaa barakoa.

Mpaka rangi na vanishi: Mvuke wa thina na petroli unashika moto. Cheche ndogo ya swichi au ya feni inaweza kuuwasha. Pia mvuke huo huleta kizunguzungu na hudhuru ubongo na ini. Paka rangi nje, kivulini, penye upepo. Usivute sigara hapo.

Mchomeleaji: Simama ili upepo upite mbele yako kutoka ubavuni, uchukue moshi. Usiinamie moshi. Bati lililopakwa zinki ni baya zaidi. Ukilichomelea mchana, usiku unaweza kupata homa, baridi na maumivu ya viungo. Wengi hudhani ni malaria. Nenda zahanati upimwe damu, na umweleze mganga kwamba ulichomelea bati. Homa ya moshi wa zinki huondoka baada ya siku moja au mbili, lakini ni onyo. Hewa ya banda lako haitoshi.

Mchaji betri: Betri za gari zikichajiwa hutoa gesi inayolipuka. Chumba kiwe wazi juu na chini. Moto usisogee.

Fundi cherehani: Kazi yako haina moshi, ila pasi ya mkaa. Juu ya pasi hiyo tunasema hapa chini.

MKAA NA INJINI: MUUAJI ASIYE NA HARUFU

Ndugu msomaji, hapa soma polepole.

Watu wengi husema mkaa hauna moshi, kwa hiyo hauna madhara. Hilo si kweli. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Hewa hii haina rangi. Haina harufu. Haiwashi macho. Ukiivuta, inashika damu yako na kuizuia isichukue oksijeni. Mwili unakosa hewa huku pua zikiwa wazi.

Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na miguu kulegea. Mtu anataka kutoka nje lakini hana nguvu. Aliyelala haamki tena. Watu wawili au watatu wakiumwa kichwa kwa pamoja katika chumba kimoja, msiseme ni malaria. Tokeni nje.

Hewa hiyo hutoka pia katika ekzosi ya gari na ya pikipiki, na katika jenereta. Umeme ukikatika, wengine huingiza jenereta ndani ya banda ili isiibwe au isinyeshewe. Hilo ni kosa la kuua. Jenereta ikae nje, mbali na mlango na madirisha, chini ya paa dogo, na ifungwe kwa mnyororo. Fundi pikipiki, ukitaka kusikiliza injini, isukume pikipiki nje kwanza.

Je, Pwani tunahitaji moto wa kupasha chumba? Sisi hatuna baridi kali. Mwezi wa Julai usiku huwa na ubaridi kidogo, na sweta linatosha. Lakini moto huingia chumbani kwa njia nyingine. Wakati wa masika seremala hutaka gundi ikauke, basi huingiza jiko na kufunga mlango. Fundi cherehani huwasha pasi ya mkaa chumbani, tena mvua inanyesha na dirisha limefungwa. Pasi iwashwe nje mpaka mkaa ushike vizuri. Kisha pigia pasi barazani, au kwenye chumba chenye mlango na madirisha wazi. Jiko lisilale chumbani na mtu.

Huko Njombe, Makete na Lushoto baridi ni kali kuanzia Juni mpaka Agosti. Ndugu zetu huko huingiza jiko la mkaa ndani na kulala nalo. Wao wanahitaji jiko lenye bomba la kupeleka moshi nje ya paa, kuta nene, dari, na nguo nzito. Kama una ndugu huko, mwandikie au mpigie simu. Mwambie habari hii.

Watu wengine huweka sufuria ya maji karibu na jiko, wakidhani maji yatameza sumu. Hayamezi. Wengine huwapa maziwa walioanguka. Maziwa hayaondoi sumu hii. Dawa ya kwanza ni hewa safi. Fungua milango yote. Mvute mgonjwa nje haraka, nawe usikawie ndani. Kisha hospitali. Huko atapewa oksijeni.

VIFARANGA NA MTU WAO WA ZAMU

Kibaha wapo wafugaji wengi wa kuku. Mara nyingi gereji au stoo ya nyumba ndiyo hugeuzwa kuwa chumba cha vifaranga. Vifaranga wanahitaji joto kweli. Wiki ya kwanza huhitaji kama digrii 32 mpaka 35. Kila wiki joto hupunguzwa kama digrii 3, mpaka wawe na manyoya.

Hapo mfugaji huingiza jiko la mkaa, hufunga madirisha, na humweka kijana alale humo awalinde. Vifaranga wakifa, ni hasara. Kijana akifa, ni msiba.

Fanya hivi. Mlinzi asilale katika chumba cha vifaranga. Alale chumba cha jirani, na aamke kuwatazama. Acha matundu ya hewa juu ya ukuta, hata usiku. Kama una umeme, tumia balbu za joto badala ya mkaa. Zifunge kwa nguvu zisiangukie maranda, zitawasha moto. Zungushia duara la mbao au la maboksi, ili joto likae chini kwa vifaranga na siyo chumba kizima.

Vifaranga wenyewe watakuambia hali ya joto. Wakirundikana chini ya taa, wanasikia baridi. Wakikimbilia pembeni na kupanua midomo, wana joto. Wakitawanyika wakila na kunywa, joto ni sawa.

NANI ATAKUSAIDIA?

Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, lilianzishwa mwaka 1973. Kazi yake ni kusaidia viwanda vidogo na mafundi. Waulize habari za vifaa na mpango wa karakana. Kama umeajiri watu, ipo sheria ya usalama na afya mahali pa kazi ya mwaka 2003. Wanaoisimamia ni OSHA. Karibu na wewe yupo mganga wa zahanati na afisa afya wa kata. Uliza. Kuuliza si ujinga.

Mwaka huo huo wa 1973, watu wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi nchini kote. Walisikiliza redio na kusoma vitabu vya kampeni ya "Mtu ni Afya". Baada ya kujadili, walichimba vyoo, walifyeka nyasi na kufukia madimbwi. Hawakuishia katika kusoma. Nanyi fanyeni hivyo. Baada ya kusoma ukurasa huu, nendeni mkaone banda moja la fundi, mlipime kwa macho yenu.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katika mtaa wenu, ni mabanda mangapi ya mafundi yana madirisha pande mbili?

2. Taja dalili tatu za mtu aliyepigwa na joto. Utamsaidiaje?

3. Feni ya wati 60 ikiwashwa saa 10, itatumia wati ngapi kwa jumla? Je, imefika uniti moja?

4. Kwa nini feni ya tangi la maji hufaa Dodoma na haifai Kibaha?

5. Nani katika mtaa wenu huwasha mkaa au jenereta ndani? Nani atakwenda kumweleza, na lini?

Swali la tano lisibaki kwenye daftari. Andikeni jina la atakayekwenda, na aende leo kabla jua halijatua.